Anayelala Siye Anayelipa

Katika mji uliokaa ufukoni mwa ziwa lenye kina cha mita 1,470, jibu linalomkera mgeni mezani kuliko yote ni fupi: "Samaki ameisha, labda kuku." Menyu aliyopewa ina kuhe wa kuchoma, mgebuka wa nazi na sangala wa kukaanga, na kwa kuwa aliyeichapisha alitaka hoteli yake ionekane ya kisasa, ina pizza pia. Mhudumu amesimama pembeni, anamsubiri mgeni amalize kusoma majina ya vyakula ambavyo yeye anajua fika havipo. Baada ya muda mrefu zinakuja chipsi na kuku, na mgeni anarudi Dar es Salaam na habari kwamba Kigoma hawajui huduma.

Habari hiyo ni kweli nusu. Dagaa na migebuka wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikikolea, vyombo vingi hupumzika na mwalo wa Kibirizi hupoa. Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha kabisa uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Mama lishe wa mtaa wa Mwanga anaijua kalenda hiyo na hupika kwa kuifuata: wiki ya giza ni mgebuka, wiki ya mwezi ni maharage na dagaa wakavu, na mteja haulizi. Hoteli yenye menyu moja iliyotiwa plastiki kwa mwaka mzima ndiyo inayoumbuka, na lawama hummwagikia msichana aliyebeba sinia, ambaye hakuandika menyu wala hapangi mwezi uandame lini.

Malalamiko mengine yanafanana kutoka Gungu hadi Ujiji, na hadi Katubuka, kata ya Manispaa ya Kigoma Ujiji iliyo jirani na uwanja wa ndege. Bomba lenye alama nyekundu linalotoa hewa. Chumba kilichoshikiwa kwa simu lakini kikapewa mwingine aliyetangulia na fedha mkononi. Chai ya asubuhi iliyomo kwenye bei ya chumba lakini huanza kuandaliwa jua likishachomoza, wakati basi la Dar es Salaam limekwishaondoka alfajiri na mteja wake. Chenji ya elfu tano ambayo mgeni huidai hadi anaondoka nayo rohoni. Muziki wa baa iliyo ukuta wa pili. Kila moja ni dogo, na hakuna linalotosha kumpeleka mtu polisi au gazetini.

Swali ni kwa nini yanadumu. Jibu la haraka, kwamba watu wa huku hawana utamaduni wa kumhudumia mgeni, ni la kivivu, na historia ya mji inalikataa. Ukifuata fedha badala ya tabia unakutana na jambo jingine: katika Kigoma, mara nyingi anayelala siye anayelipa, anayekula siye aliyeagiza, na anayelalamika hawezi kumfanya mwenye nyumba apoteze hata shilingi.

Ujiji imekuwa na wageni wa namna hiyo tangu zamani za misafara. Wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Speke walifika Februari 1858, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1860 Burton analalamikia makazi waliyopewa: nyumba iliyojengwa na mfanyabiashara Mwarabu, sasa gofu lenye kupe. Kannena, mkuu wa kijiji cha Kawele hapo Ujiji, alitaka hongo kwanza, kisha akawatoza bei kali kwa mitumbwi ya kwenda kaskazini mwa ziwa. Burton alikuwa mtu wa dharau na mengi aliyoyaandika juu ya wenyeji wake hayafai kumezwa yalivyo. Hata hivyo, kibiashara, Kannena hakuwa na sababu ya kumnyenyekea. Hongo ililipwa ili mtu akae na apite; ingelipwa hata nyumba ingekuwa na kupe maradufu.

David Livingstone aliumia zaidi. Aliporudi Ujiji kutoka Manyema, ng'ambo ya ziwa, mwezi Oktoba 1871, amechoka na mgonjwa, alikuta mzigo wake wa nguo na shanga umeuzwa wote. Sherif, mtu aliyekabidhiwa mzigo huo kutoka Zanzibar, alisema alipiga ramli kwa Kurani akaona mzee ameshafariki. Aliyemwajiri Sherif alikuwa ubalozi wa Uingereza uliokuwa Unguja, miezi kadhaa ya safari kutoka Ujiji. Mwenye mali yuko Manyema, mwenye kulipa yuko Unguja, na bidhaa ziko mikononi mwa mtu ambaye hakuna kati ya hao wawili anayeweza kumkagua. Ni nadra huduma kuwa nzuri katika mpangilio kama huo, iwe karne ya 19 au ya 21.

Siku chache baadaye mji huo huo ulionyesha upande wake mwingine. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alipowasili Novemba 1871 na kukaa barazani na Livingstone, vyakula vilianza kumiminika bila kuagizwa. Stanley anawataja waliovileta: Sayyid bin Majid alituma nyama ya kusaga iliyokaangwa, Mohammed bin Sali akatuma kuku wa mchuzi, Mwinyi Kheri akatuma nyama ya mbuzi na wali. Hawa hawakulipwa na mtu. Walikuwa matajiri wa Ujiji ambao majina yao yalisafiri na kila msafara hadi Tabora, Bagamoyo na Unguja, na sahani iliyopelekwa kwa mgeni ilikwenda na jina la mpelekaji. Mwinyi Kheri baadaye alishika uwakilishi wa Sultani wa Zanzibar hapo Ujiji. Mtu wa hadhi hiyo hapeleki wali uliopoa.

Sasa njoo kwenye ukumbi wa semina.

Tangu miaka ya 1990, vita vya Burundi na Kongo vilipoujaza mkoa wakimbizi, na kambi kama Nyarugusu kufunguliwa wilayani Kasulu, Kigoma imepokea msururu wa mashirika ya Umoja wa Mataifa na yasiyo ya kiserikali. Kila shirika lina mradi, kila mradi una mafunzo, na kila mafunzo yanahitaji ukumbi, chai ya saa nne, chakula cha mchana na vyumba vya walioletwa kutoka wilayani. Ongeza semina za Serikali, mikutano ya wadau, makongamano ya dini na vikao vya vyama. Hoteli nyingi za mji zilikulia kwenye riziki hiyo. Ziliongeza ukumbi kabla ya kuongeza jiko, na viti vya plastiki kabla ya vitasa.

Tazama siku moja ya biashara hiyo inavyokwenda. Mratibu wa warsha ameomba ankara kifani kutoka hoteli tatu, kama taratibu za manunuzi zinavyotaka, na ameteua moja, mara nyingi ya bei ya chini. Washiriki ni 40. Saa nne na robo mlango unafunguliwa: chupa mbili za chai ya maziwa, moja ya chai ya rangi, sambusa moja moja, chapati zilizokatwa nusu, na andazi. Waliokaa karibu na mlango wanachukua sambusa mbili kabla mhudumu hajasema "moja moja jamani". Mshiriki wa 33 anakuta makombo na kikombe kisicho na kijiko. Anamwambia mhudumu, mhudumu anasema atamwambia jikoni, jikoni wanasema walipewa hesabu ya 35 na mhasibu. Mratibu ameinamia karatasi ya mahudhurio, ambayo lazima isainiwe asubuhi na mchana, kwa sababu ikikosewa hiyo atakayehojiwa na wakaguzi ni yeye. Sambusa hazina safu kwenye karatasi ile.

Jioni hoteli inalipwa kwa watu 40. Mshiriki wa 33 hajui bei ya sahani aliyoikosa, hana risiti, hana mkataba, na kesho anarudi Kakonko. Mwenye hoteli amepata kila alichotaka. Mratibu amepata risiti ya mashine ya EFD, orodha iliyosainiwa na picha ya pamoja mbele ya bango. Katika uhusiano wa watu watatu, aliyepungukiwa ni yule asiye na karatasi, na hilo halitokani na roho mbaya ya mtu.

Upo pia ukimya wa hiari. Kuanzia Julai 2022 posho ya kujikimu ya mtumishi wa umma anayesafiri ndani ya nchi ilipandishwa, kutoka kati ya Sh80,000 na Sh120,000 kwa siku hadi kati ya Sh100,000 na Sh250,000 kulingana na cheo. Posho hiyo hulipwa msafiri mwenyewe, na kinachobaki ni halali yake. Mtumishi mwenye watoto wa kusomesha akitua Kigoma hatafuti kitanda kizuri kuliko vyote. Anatafuta gesti safi kiasi, ya bei ndogo, abaki na cha kupeleka nyumbani. Usiku maji yakikatika, anaomba ndoo na kopo, anaoga, analala. Hawezi kulalamikia chumba alichokichagua kwa sababu ni duni. Ni hesabu ya busara kwa familia yake. Kwa soko la vyumba la mji mzima, maana yake ni kwamba mteja mwenye uwezo wa kulipia ubora ameamua kutoununua, na mwenye gesti anamsoma vizuri.

Gesti yenyewe inastahili kutazamwa kwa karibu, maana ndiyo inayolaza wageni wengi wa Kigoma: wafanyabiashara kutoka Kalemie, Uvira na Bujumbura, abiria wa treni ya reli ya kati iliyofika hapa mwaka 1914, wauza vitenge, wagonjwa waliokuja hospitali ya Maweni, madereva. Mapokezi ni dirisha lenye nondo. Kitabu cha wageni ni daftari kubwa lenye safu zilizochorwa kwa rula: jina, kabila, kazi, unakotoka, unakokwenda, sahihi. Ukutani ipo karatasi ya masharti. Mwisho wa kukaa chumbani ni saa nne asubuhi. Hairuhusiwi kupika wala kupiga pasi. Wanaume wawili hawaruhusiwi kulala chumba kimoja. Uongozi hautahusika na upotevu wa mali isiyokabidhiwa mapokezi. Masharti yote yanamwelekea mgeni. Hakuna hata moja linalosema mwenye nyumba atafanya nini maji yasipotoka. Kisha anakabidhiwa ufunguo uliofungwa kwenye kipande cha ubao, taulo, ndala zisizolingana ukubwa na kipande cha sabuni, na kwa kawaida anakabidhiwa kwa upole na kwa "karibu sana". Ukarimu wa mdomo haukosekani Kigoma. Kinachokosekana ni kitasa.

Mgeni huyu analipa kwa fedha yake, na kwa nadharia yeye ndiye angekuwa mkali. Lakini yeye ana dawa rahisi zaidi: kuhama. Mfanyabiashara kutoka Kalemie akilala vibaya Jumatatu, Jumanne anabeba begi lake hadi nyumba ya tatu barabarani, bila neno. Mchumi Albert Hirschman aliandika mwaka 1970 kitabu kizima juu ya tabia hiyo, na mfano uliomchochea ulitoka Afrika: reli ya Nigeria. Alishangaa kwa nini reli ile ilizidi kuzorota hata baada ya malori kuanza kuinyang'anya mizigo, ilhali ushindani ulipaswa kuiamsha. Maelezo yake yalikuwa kwamba malori yaliwachukua wateja wakali kwanza, wale ambao wangepiga kelele, na reli ikabaki na wasio na pa kwenda, huku hasara ikifidiwa na hazina ya Serikali. Mteja anayehama kimya hamfundishi mtu chochote.

Gesti za Kigoma zina hazina yao ya kufidia hasara: mji wenyewe. Una wakazi 232,388 kwa sensa ya 2022, lakini ni mwisho wa reli, bandari ya nchi jirani na lango la kwenda hifadhi za Gombe na Mahale. Anayehama leo nafasi yake itachukuliwa na aliyehama kwingine jana. Wageni wanazunguka kama mchezo wa viti, kila nyumba inapata wa kwake, na vitasa vinabaki vilivyo.

Hali hiyo huonekana wazi siku mji unapozidiwa. Julai 25, 2021 fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam ilichezwa Uwanja wa Lake Tanganyika, Simba na Yanga, na Simba ikashinda bao 1-0 la Taddeo Lwanga. Mashabiki walikuja kwa mabasi, treni na ndege kutoka kila pembe ya nchi. Katika siku kama hizo hakuna mwenye chumba anayehitaji kufagia uvungu, kwa kuwa godoro la sebuleni nalo lina mteja. Lawama za wikiendi hizo huwa kali kuliko zote na huwa na faida ndogo kuliko zote, kwani mlalamikaji hatarudi mpaka fainali nyingine iletwe Kigoma.

Mtalii wa nje yuko tofauti kidogo. Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa 2,141,895 mwaka 2024, na wanaofika pwani hii ya magharibi ni wachache mno ukilinganisha na Serengeti au Unguja. Wengi wao hupita mjini usiku mmoja wakisubiri boti ya kwenda kuona sokwe. Lakini huyu ana kitu ambacho mshiriki wa 33 hana: akiandika neno lake kwenye mtandao, linasomwa na anayepanga safari kutoka Ujerumani. Aprili 2022 mwanamke kutoka Nigeria alieleza katika Twitter madai ya kudhalilishwa hotelini Zanzibar mwaka mmoja kabla, akasema uongozi wa hoteli na polisi hawakumsaidia. Hoteli ilikanusha. Kilichopuuzwa, kwa maelezo yake, kwa mwaka mzima kilipata masikio ya Serikali ya Zanzibar ndani ya siku chache, na uchunguzi ukaagizwa. Tukio hilo ni zito kuliko bomba bovu, na si haki kuviweka kwenye mzani mmoja. Linaloonekana ni njia ambayo malalamiko yalilazimika kuipita ili yafike.

Harusi ni sura nyingine kabisa, na pengine ndiyo inayouma zaidi, kwa sababu pale mgeni amelipa kabla.

Mfumo unajulikana. Kamati inaundwa miezi kadhaa kabla, mwenyekiti anachaguliwa kwa ukali wake wa kudai ahadi, kadi za michango zinasambazwa, kundi la WhatsApp linafunguliwa na orodha ya waliotoa hubandikwa kila jioni ili ambao hawajatoa waone aibu. Mchango wa kiwango fulani unaleta kadi ya mtu mmoja, zaidi ya hapo kadi ya wawili. Bajeti inagawanywa: ukumbi, mapambo, chakula kwa sahani, vinywaji, MC na muziki, picha na video, keki. Mpishi wa kukodi anapewa idadi, tuseme 300, na nusu ya malipo.

Wiki ya mwisho mambo mawili hutokea kwa pamoja. Ahadi haziingii zote, na wageni huongezeka. Shangazi kutoka Kasulu amekuja na watoto wanne. Wakubwa wa ofisini kwa bwana harusi lazima wapewe kadi ingawa hawakuchanga. Mpishi amenunua nyama kwa kadiri ya fedha aliyoshika, na hakuna wa kumlaumu. Usiku ule MC anaita meza kwa meza: kwanza maharusi, wazazi, kamati, kisha meza za mbele. Mpakuaji wa kuku, kijana mwenye koleo na maagizo makali, anaanza na vipande viwili, anashuka kimoja, na meza ya 28 inapoitwa anachovya mchuzi. Aliyekaa meza ya 28 alichanga Sh50,000, amevaa sare iliyoshonwa kwa fedha yake, na anaimba "wamependeza" na tumbo linanguruma. Atamlalamikia nani? Bibi harusi ni binti wa dada yake. Kesho akisema neno kwenye kundi ataitwa mchoyo aliyekuja kula.

Mashirika ya semina na kamati za harusi hufanana hapo: yule aliyeingia mkataba na mpishi anakula meza ya mbele. Laiti wenyekiti wa kamati wangeketi meza ya 28, hesabu za sahani zingerekebishwa Jumatano, si saa nne usiku wa Jumamosi.

Wanaodai kwamba Kigoma haijui kuhudumia watu wengi kwa wakati mmoja hawajawahi kukaa kwenye mkeka wa walima Ujiji. Vijana wa mtaa wanapita na birika na beseni, mtu ananawa pale alipokaa. Sinia la pilau linatua katikati ya watu wanne au watano, nyama juu, kachumbari pembeni, ndizi. Hakuna foleni wala meza ya 28. Mzee mmoja, kwa kawaida mjomba au jirani wa siku nyingi, amesimama mlangoni na kazi yake ni macho tu: akiona sinia limepungua kabla walaji hawajapunguza mwendo, anamwita kijana kwa jina la baba yake. Chakula kikipungua, aibu ni ya nyumba ile, mbele ya msikiti mzima, na itasimuliwa hadi Idi. Watu ni wale wale, mji ni ule ule, na pengine wapishi ni wale wale wanaokodiwa Jumamosi ukumbini. Ukumbini yule mjomba wa mlangoni amegeuka mgeni mwalikwa, naye anasubiri meza yake iitwe.

Bado yupo mhudumu mwenyewe, ambaye kila mtu anaanza naye kwa kuwa ndiye anayeonekana. Amri ya kima cha chini ya mwaka 2013 iliweka Sh130,000 kwa mwezi kwa wafanyakazi wa migahawa, gesti na baa, na Sh150,000 kwa hoteli za kati. Viwango vimepanda tangu hapo. Kuanzia Januari 2026 wastani wa kima cha chini cha sekta binafsi umetoka Sh275,060 hadi Sh358,322. Lakini sekta hii imekaa chini ya wastani kwa miaka mingi, na wanaofanya kazi bila mkataba wa maandishi hawaoni amri hizo zikifika kwao. Mafunzo ya fani nayo yako mbali: Chuo cha Taifa cha Utalii kiko zaidi Dar es Salaam na Arusha, na chuo cha hoteli na utalii cha VETA kiko Njiro, Arusha. Msichana wa mapokezi wa Katubuka kwa kawaida amejifunza kazi kutoka kwa aliyemtangulia, naye alijifunza kutoka kwa aliyeondoka. Hana funguo za stoo, hawezi kumpunguzia mgeni bei kwa sababu maji yamekatika, haruhusiwi kumbadilishia chumba bila kumpigia bosi, na bosi hapokei simu usiku. Anachoweza kutoa ni "pole". Mgeni akimfokea, anafokea ukuta wenye masikio.

Miundombinu ilibeba lawama nyingi kwa miaka mingi, na kwa haki. Kabla mkoa haujaanza kuunganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2022, Kigoma iliendeshwa kwa mashine za mafuta, na hakuna hoteli iliyoweza kuahidi friji baridi bila kuwa na jenereta yake. Maji nayo yalikuwa ya mgawo katika mji unaoyatazama kutwa kucha. Hali imekuwa afadhali, na ndiyo maana visingizio vimeanza kuisha nguvu.

Kinachobadilika zaidi ni mlipaji. Mwishoni mwa 2015 Rais John Magufuli alipobana mikutano na semina za Serikali mahotelini, wenye kumbi nchi nzima walionja ladha ya kukosa mteja wa jumla. Mwaka 2025 pigo lilitoka upande wa pili: Marekani ilisimamisha misaada yake Januari, shirika la USAID likavunjwa, na bajeti za kuhudumia wakimbizi zikakatwa duniani kote. Mji ulioishi kwa warsha hauwezi kukwepa hilo. Upande mwingine, mkataba wa reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022, na kazi ya aina hiyo huleta mteja wa tabia nyingine: fundi au mhandisi anayekaa miezi sita chumba kimoja, kampuni yake ikilipa, naye akiwa na muda wa kutosha kudai kitasa kirekebishwe.

Sheria, kwa maandishi, haimwachi mgeni mikono mitupu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamtaka mtoa huduma aifanye kazi yake kwa uangalifu na ujuzi unaostahili, na Tume ya Ushindani ipo kwa ajili hiyo. Mfumo wa nyota wa Jumuiya ya Afrika Mashariki una vigezo vya hadi ukubwa wa chumba. Ila hakuna atakayefungua shauri kwa ajili ya chumba cha elfu ishirini na tano, na nyota haziifikii gesti yenye dirisha la nondo. Anayeifikia ni afisa afya wa Manispaa na ofisi ya biashara, kwa kuwa leseni lazima ihuishwe kila mwaka. Fomu ya ukaguzi ingeweza kuuliza maswali manne zaidi: tangi la akiba lina maji, kila mlango unafungika kwa ndani, bei imebandikwa, na namba ya simu ya mwenye nyumba, siyo ya mhudumu, iko ukutani pamoja na yale masharti. Mratibu wa warsha naye angeweza kubakiza sehemu ya malipo mpaka washiriki wenyewe, kwenye karatasi ile ile wanayosaini, waweke alama kama walikula. Wenye hoteli watapinga, na watakuwa na hoja moja ya haki: taasisi za umma zenyewe hukaa miezi na madeni ya kumbi, na huwezi kumbana mtu kwa sambusa zilizopungua leo wakati bado anadai za mwaka jana.